Mwandishi Aliyewaita Watu Texas: Maisha ya Victor Considerant



Ukitoka Fort Worth na wazazi wako kwa barabara ya I-30 kuelekea Dallas, tazama mbele kabla hujaingia katikati ya jiji. Utaona mnara mwembamba wenye mpira mkubwa wa taa juu yake. Usiku taa zile hubadilika rangi, na watoto ndani ya gari huanza kubishana ni nani aliyeziona kwanza. Huo ni Reunion Tower. Ulifunguliwa mwaka 1978, na urefu wake ni futi 561, yaani mita 171.

Je, umewahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi? Watu wengi hudhani ni neno la Kiingereza la watu kukutana tena. Asili yake ni jina la kijiji, na kijiji hicho kilikuwa cha watu waliosema Kifaransa. Kiliitwa La Réunion. Kilikuwa ng'ambo ya mto Trinity, upande wa magharibi wa Dallas, karibu miaka 170 iliyopita. Tena watu wake hawakuzaliwa hapa. Walikuja kwa meli, wakashuka pwani ya Texas, wakatembea kutoka Houston hadi Dallas kwa miguu.

Nani aliwaita? Aliwaita mwandishi wa gazeti ambaye pia alikuwa mbunge. Jina lake ni Victor Considerant. Wale mnaosema Kifaransa nyumbani, wa kutoka Bukavu, Goma au Lubumbashi, mtalitamka vizuri kuliko mwalimu wenu. Sisi wengine tuseme tu Konsideran.

Leo tutakusimulia maisha yake. Hatukusimulii ili umsifu tu, wala ili umcheke. Alitenda mema mengi, na alikosea jambo moja kubwa ambalo watu wengine walililipia. Soma mpaka mwisho, kisha wewe mwenyewe utaamua.

Mtoto wa mwalimu

Victor alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1808 katika mji mdogo wa Salins, kwenye milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, karibu na Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kwa hiyo alikulia kwenye vitabu, kama baadhi yenu mnaoambiwa kila siku zimeni simu msome.

Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma katika mji wa Besançon. Huko alikaa katika nyumba ya mama mmoja mjane, Clarisse Vigoureux. Likumbuke jina hilo, maana tutakutana na mama huyu tena hapa hapa Texas. Mama Clarisse alikuwa amesoma maandishi ya mzee mmoja aliyeitwa Charles Fourier, na ndiye aliyemfungulia Victor mlango wa fikra hizo.

Mzee Fourier alikuwa na wazo. Aliona viwanda vinajengwa na mali inaongezeka, lakini maskini wanazidi kuwa wengi. Akasema dawa yake ni watu kuishi pamoja katika jumuiya zilizopangwa vizuri, kila moja ikiwa na watu wapatao 1,620. Kila mtu angefanya kazi anayoipenda, na angebadilisha kazi ili asichoke. Mapato yangegawanywa kwa haki: fungu la aliyetoa jasho, fungu la aliyetoa mtaji, na fungu la mwenye kipaji. Hakuna ambaye angenyang'anywa mali yake kwa nguvu, na hakuna ambaye angelala njaa.

Wazazi kutoka Tanzania, najua mnatabasamu. Mmekumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 na vijiji vya ujamaa. Mambo haya mawili si kitu kimoja, maana Mwalimu Nyerere alianzia kwenye familia ya Kiafrika, na Fourier alianzia kwenye ramani aliyojichorea mwenyewe. Lakini swali lao lilikuwa lile lile: tutaishije pamoja bila mmoja kumla mwenzake?

Kalamu kwanza

Victor alikuwa hodari wa hesabu. Mwaka 1826 aliingia École Polytechnique, shule maarufu ya wahandisi mjini Paris, kisha akawa mhandisi wa jeshi na kufikia cheo cha kapteni. Mshahara ulikuwepo, heshima ilikuwepo. Hata hivyo aliacha jeshi ili aeneze fikra za Fourier. Fikiria mtoto amesomeshwa uhandisi, kazi ameshaipata, halafu anawaambia wazee wake kwamba anataka kuandika magazeti. Nyumbani kwenu ingekuwaje?

Mwaka 1832 yeye na wenzake walianzisha gazeti lao la kwanza. Mwaka 1836 wakaanzisha jingine, La Phalange. Fourier alipofariki mwaka 1837, Victor ndiye aliyebaki kuongoza wafuasi wake, naye hakuwa hata na miaka 30. Mwaka uliofuata alimwoa Julie, binti wa Mama Clarisse. Kisha tarehe 1 Agosti 1843 likazaliwa gazeti lake kubwa, La Démocratie pacifique, maana yake Demokrasia ya Amani. Hilo lilitoka kila siku.

Gazeti la kila siku si mchezo. Hakukuwa na kompyuta. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini, na fundi aliipanga kwa mkono, moja baada ya nyingine. Fedha zilitoka kwa wasomaji na wafadhili. Na humo Considerant aliandika mambo ambayo wakubwa hawakutaka kuyasikia: kwamba mtu ana haki ya kupata kazi, kwamba vita si njia ya kumaliza ugomvi wa mataifa, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume.

Wachoraji wa vikatuni walimdhihaki sana. Alikuwa na masharubu marefu, nao waliongeza kitu kingine: walimchora akiwa na mkia mrefu wenye jicho kwenye ncha yake! Ukicheka hatukulaumu. Watu wa Paris nao walicheka. Lakini yeye aliendelea kuandika.

Mbunge aliyewasemea akina mama

Mwezi Februari 1848 Wafaransa walimwondoa mfalme wao na kutangaza jamhuri. Considerant alichaguliwa kuwa mbunge, kisha akateuliwa kwenye kamati ya kuandika katiba mpya. Wanaume wote wakapewa kura, tajiri kwa maskini. Wanawake je?

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo, tukimkumbuka kwa moja tu, tumkumbuke kwa hilo. Considerant alipendekeza wanawake nao wapige kura. Katika bunge lile hapakuwa na mwingine aliyethubutu kulileta pendekezo hilo. Halikupita. Wanawake wa Ufaransa walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1945, karibu miaka 100 baadaye. Alikuwa ameshakufa zamani, lakini neno lake lilikuwa limeandikwa.

Ubunge wake haukudumu. Mwaka 1849 serikali ya Ufaransa ilipeleka askari Roma kuivunja jamhuri changa ya Waitalia. Considerant na wenzake waliona kwamba kufanya hivyo ni kuvunja katiba, nao tarehe 13 Juni waliingia barabarani mjini Paris kupinga. Maandamano yalizimwa. Yeye alikimbilia Ubelgiji, na mahakama ikamhukumu bila yeye kuwepo. Baada ya hapo gazeti lake lilidhoofika, na mwaka 1851 likafa.

Tazama basi: mtu wa miaka 41, hana bunge, hana nchi, na gazeti lake linaelekea kaburini. Kati ya familia zetu zipo zinazoijua hali hiyo bila kufundishwa na mwalimu. Kuna baba aliyekuwa na ofisi, akavuka mpaka usiku na begi moja.

Safari ya farasi

Alikuwa na rafiki Mmarekani, Albert Brisbane, ambaye naye alimfuata Fourier. Brisbane alimwalika Marekani. Mwaka 1853 wawili hao walipanda farasi na kushuka mpaka kaskazini mwa Texas, hadi sehemu hizi tunazoishi sisi, Fort Worth na Dallas.

Usidhani aliona jiji. Fort Worth ilikuwa kambi ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1849 juu ya genge la mto Trinity, na mwaka ule ule wa 1853 askari waliihama. Dallas ilikuwa kijiji. Pande zote yalikuwa majani mpaka upeo wa macho, na maua ya masika, na vijito, na anga kubwa ile ile unayoiona leo jua likizama.

Considerant aliipenda nchi hii siku ya kwanza. Aliona udongo mweusi na hali ya hewa nzuri, akaona watu wachache. Kwa macho ya mtu aliyefukuzwa kwao, hapa palikuwa ukurasa mweupe usioandikwa kitu. Lakini haukuwa mweupe. Wenyeji wa asili walikuwa wakisukumwa magharibi ili ardhi hiyo iwe tupu. Na Texas ilikuwa jimbo la utumwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilikuta humu watumwa 182,566, ndugu zetu wa damu ya Afrika, ambao habari za uhuru wao ziliwafikia Galveston tarehe 19 Juni 1865. Ile ndiyo siku mnayoijua kwa jina la Juneteenth.

Considerant aliuchukia utumwa. Hata hivyo alichagua kuwaleta watu wake katikati yake, akitumaini wataweza kuishi kando bila kuingiliana nao. Shika jambo hilo, tutalirudia kwenye maswali.

Kitabu kilichowavuta watu

Aliporudi Ubelgiji alifanya alichokijua kuliko vyote: aliandika. Mwaka 1854 kikatoka kitabu chake Au Texas. Kalamu yake ilikuwa tamu, na nchi aliyoieleza ilikuwa tamu zaidi. Ikaundwa kampuni ya uhamiaji, watu wakanunua hisa, na wengi wakaanza kufunga mizigo.

Hapa wazazi tusimame kidogo. Ni nani kati yetu hajawahi kupiga simu nyumbani na kusema Marekani mambo safi, akaacha kutaja zamu ya usiku, kodi ya nyumba na bili ya hospitali? Tunatuma picha tuko mbele ya gari, na tunasahau kusema gari ni la mkopo. Si kwamba tunadanganya. Tunapenda wenzetu wafurahi, na tunaona aibu kulalamika. Lakini yule ndugu anayesikiliza anauza shamba lake.

Kwa haki yake, lazima tuseme: Considerant hakutaka watu wengi waje mara moja. Mpango wake ulikuwa kundi dogo litangulie, lijenge nyumba, lilime, liweke akiba, ndipo familia zifuate. Lakini maneno matamu hutangulia mpango. Watu walikuwa wameshawaka. Walikuja kabla hata ya paa kuezekwa. Wahenga walishasema: haraka haraka haina baraka.

Kutoka Houston kwa miguu

Mwakilishi wake, François Cantagrel, alitangulia kutafuta ardhi. Bei zilikuwa zimepanda na ardhi nyingi nzuri ilikuwa imetengwa kwa ajili ya kampuni za reli, kwa hiyo hakupata walichokiota. Alinunua kama ekari 2,000 ng'ambo ya mto, maili chache kutoka Dallas. Sehemu kubwa ilikuwa na udongo mwembamba juu ya mawe ya chokaa.

Mwaka 1855 wahamiaji wakaanza kuwasili, Wafaransa, Wabelgiji na Waswisi. Walishuka Galveston, wakafika Houston, na kutoka hapo hapakuwa na reli ya kwenda Dallas. Walikodi magari ya kukokotwa na maksai kwa ajili ya mizigo, wao wakatembea. Ninyi mkienda Houston kwa harusi au msiba, baba anaendesha kama saa nne na bado mnauliza mara kumi tumefika? Wao walitembea wiki kadhaa, kwenye tope na jua, wakivuka mito, pamoja na wanawake na watoto.

Walipofika waliyakuta majani, na vibanda vichache. Palepale wakagundua jambo jingine. Kati yao kulikuwa na mafundi wa saa, wafumaji, wenye maduka, wanamuziki na wasomi. Kulikuwa hata na piano iliyosafirishwa njia nzima. Wakulima walikuwa wachache mno. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe, na wengi wao hawakujua kulishika.

Walijitahidi. Walijenga nyumba za mawe na mbao, duka la ushirika, jiko la pamoja. Walicheza muziki na kuimba jioni, na majirani wa Dallas walikuja kutazama. Wakati kijiji kilipojaa kilikuwa na watu kama 350, na Dallas yenyewe haikuwa na wengi zaidi ya hao. Lakini mwaka 1856 baridi kali ilirudi wakati mimea imeshachipua, ikaua mazao. Kiangazi kikaja na ukame, na panzi wakamaliza kilichobaki.

Na wenyeji hawakuwa wote wenye furaha. Wakati ule chama cha kupinga wageni kilikuwa na nguvu Marekani, na gazeti moja la Austin liliwashambulia mapema, likiwaita watu wa hatari kwa sababu ya siasa zao na kwa sababu hawakuupenda utumwa. Mwandishi sasa akawa anaandikwa. Considerant alijibu kwa kijitabu cha Kiingereza alichokielekeza kwa watu wa Marekani, akiwatetea wahamiaji wake kwamba wamekuja kwa amani kufanya kazi. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa jamii ndogo ugenini: anasimama mlangoni, anawaeleza wenyeji wageni ni akina nani, na anawaeleza wageni nchi hii ikoje. Mlango wa kwanza aliusimamia vizuri. Wa pili ndio uliomshinda.

Siku aliyoondoka

Considerant mwenyewe alifika La Réunion mwaka 1855, akakuta kila mtu anamngojea atoe jibu. Watu waliomwamini kwa sababu ya kitabu walitaka sasa mkate, na kitabu hakipikwi. Aliingiwa na huzuni kubwa, akawa mzito wa kuamua. Mhandisi, mwandishi na mbunge alishindwa kuendesha shamba.

Katikati ya mwaka 1856 aliondoka kimya kimya kwenda San Antonio, akitafuta ardhi nyingine ya kuanzia upya. Waliobaki waliona wametupwa. Daktari wao, Augustin Savardan, aliporudi Ufaransa alichapisha mwaka 1858 kitabu kizima cha kumlaumu, akiita jambo lile ajali ya meli iliyozama Texas. Mwezi Januari 1857 kampuni ilivunja ushirika wa La Réunion. Wengine walirudi Ulaya na wengine wakaenda New Orleans. Wapo waliokuwa wameshalala makaburini. Waliobaki walivuka mto wakaingia Dallas kutafuta riziki.

Tungeweza kumaliza hapo na kusema alikimbia. Lakini kuna jambo la kuongeza. Mwaka ule ule wa 1857 Considerant alichapisha taarifa juu ya Texas, na humo alikiri mwenyewe kwamba kazi ile ilikuwa imeshindwa, akieleza pia jinsi yeye alivyovunjika moyo. Si viongozi wengi wanaochapisha kushindwa kwao. Je, kukiri kunatosha kwa mtu aliyeuza nyumba yake Ubelgiji? Swali hilo hatuwezi kukujibia.

Mkulima wa San Antonio

Alibaki Texas. Yeye, mkewe Julie na Mama Clarisse walikaa kwenye shamba dogo karibu na San Antonio. Yule aliyehutubia bunge la Ufaransa sasa alilima bustani na kuchunguza mimea ya miiba. Alichukua uraia wa Marekani. Mwaka 1859 mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, alitoa msamaha kwa waliofukuzwa, lakini yeye hakurudi. Mama Clarisse alifariki San Antonio mwaka 1865, mbali sana na nyumba ile ya Besançon.

Kalamu haikukauka kabisa. Majeshi ya Ufaransa yalipoivamia Meksiko, jirani wa Texas, aliandika barua kwa jemadari wa majeshi hayo, Bazaine, zikachapishwa mwaka 1868. Humo alipinga mtindo wa kumfunga mkulima maskini kwa deni lisilokwisha, akauona kuwa ni utumwa uliobadilishwa jina.

Mwaka 1869 akarudi Paris na Julie. Alikuwa na miaka zaidi ya 60. Hakugombea tena cheo. Alikaa mtaa wa wanafunzi, amevaa serape, lile shuka la Kimeksiko, akiketi na vijana kwenye mihadhara ya chuo kikuu kama mwanafunzi mpya. Mwaka 1871 wafanyakazi wa Paris walipounda serikali yao, yeye alikuwa upande wao. Julie alifariki mwaka 1880. Victor alifariki Paris tarehe 27 Desemba 1893, akiwa na miaka 85, bila mali.

Kilichobaki

Sasa rudi kwenye gari la baba, mbele ya mnara. Je, La Réunion ilipotea bure?

Waliovuka mto kuingia Dallas walikuwa na ufundi ambao mji mdogo ulikuwa haujauona. Fundi wa saa aliyeshindwa kulima alipata wateja. Benjamin Long, Mswisi, alikuwa meya wa Dallas mara mbili. Julien Reverchon, aliyekuja akiwa kijana pamoja na baba yake, alikusanya na kuchunguza mimea ya Texas hadi akajulikana na wataalamu, na bustani ya Reverchon mjini Dallas inabeba jina lake. Hata yale mawe ya chokaa yaliyowashinda wakulima yalikuja kufaa: mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya saruji vilijengwa eneo lile, pakaitwa Cement City. Na kule magharibi mwa Dallas lipo kaburi la zamani la wanakijiji.

Lakini sikiliza. Majina yamebaki. Nyumba zimekwisha. Na lugha? Kijiji kilipovunjika, hapakuwa tena na mahali ambapo watoto wangekutana na kusema lugha ya mama zao. Hakuna aliyewakataza kwa sheria. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake, na Kiingereza kilikuwa cha shule, cha soko na cha kazi. Kifaransa kinachosikika leo Fort Worth na Dallas hakikutoka La Réunion. Kimekuja upya kwa ndege, na wengi waliokileta ni watu wa Kongo wanaokisema pamoja na Kiswahili, Kilingala na lugha za kwao.

Ndiyo maana, mwanafunzi wetu, mama anakuamsha asubuhi siku ambayo wenzako wanatazama katuni. Anajua kwamba lugha haifi kwa kishindo, hufa kwa watu kuchoka kidogo kidogo. Darasa letu la wikiendi si kijiji, na wala hatuna piano. Tuna meza, viti vya kukunja, chai na mandazi. Lakini ni mahali pa kukutana, na hicho ndicho kilichowakosesha wale.

Na wewe mzazi, tunalo ombi moja. Wiki hii ukipiga simu nyumbani, waambie habari zote mbili, nzuri na ngumu. Ahadi ni deni, hata ile tunayoitoa bila kujua kwamba tumeahidi.

Mazungumzo ya nyumbani

Jadilianeni kwa Kiswahili wakati wa chakula. Anayeingiza Kiingereza anaosha vyombo!

1. Considerant alifanya vizuri zaidi katika kazi gani: gazeti, bunge, au kijiji? Kwa nini?

2. Aliuchukia utumwa lakini alihamia jimbo la utumwa. Je, inawezekana kuishi kando ya dhuluma bila kuguswa nayo?

3. Ungekuwa mtoto wa La Réunion siku ile alipoondoka, ungemwandikia barua gani? Andika mistari kumi, ulete darasani.

4. Muulize mzazi wako: kabla hajaja Marekani aliambiwa nini, na ni nini ambacho hakuambiwa?

Maneno ya wiki

Mhamiaji: mtu anayetoka nchi yake kwenda kuishi nchi nyingine.
Hisa: sehemu ya mali ya kampuni ambayo mtu huinunua.
Maksai: ng'ombe dume aliyehasiwa, hutumika kukokota gari au kulima.
Chokaa: unga au jiwe jeupe linalotumika katika ujenzi.
Kukiri: kukubali kwamba umefanya jambo, hata kama linakuaibisha.

Tukutane darasani, tukijaliwa. Njoo na barua yako, na ukipita I-30 usiku, mwonyeshe mdogo wako mnara, umsimulie.